Kumuuliza Mwenye Nyumba Si Utovu wa Adabu

Hotuba kwa wapangaji na wanaotafuta nyumba, ukumbi wa mtaa, Kisauni, Mombasa

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, na nyinyi vijana mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja bila hata kupita nyumbani, ahsanteni sana. Naona pia wenye nyumba kadhaa wameketi kule nyuma, na madalali ninaowajua. Karibuni. Nitakayoyasema yanawahusu, na anayefanya kazi yake kwa haki hayatamdhuru.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumchunguza dalali na mwenye nyumba kabla ya kupanga. Ninalo jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yanatoka humo: nguvu ya mpangaji iko kabla ya kulipa. Pesa ikiwa bado kwenye simu yako, dalali anakupigia yeye, anakufuata stejini kwa bodaboda, anakungoja juani. Ikishatoka, wewe ndiye unayepiga, na simu haishikwi. Kwa hiyo maswali yote uliyo nayo yaulize wakati bado unaitwa mteja.

Wizi wenyewe unavyofanyika unajulikana. Mtu anakodi fleti yenye fanicha kwa siku chache, kama wageni wanavyokodi Nyali au Bamburi. Ufunguo anao, na ameupata kihalali. Anapiga picha sebuleni na jikoni, anaweka tangazo kwenye Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp: vyumba viwili vya kulala, maji hayakatiki, kodi chini kidogo ya ile ya jirani. Kwa siku hizo chache anaingiza watu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anaiona nyumba kwa macho yake, anauona ufunguo unafungua, anamwona mtu nadhifu mwenye maneno mazuri. Kila mmoja analipa dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza ili asitanguliwe, anaandikiwa risiti ya kitabu cha dukani, anaambiwa ahamie Jumamosi. Jumamosi pikapu zinakutana mlangoni, magodoro juu, watoto ndani, na mlinzi wa geti hamjui hata mmoja wao.

Mwezi wa Desemba wanaumia ndugu zetu wa bara. Wanaona picha ya nyumba iliyo karibu na ufuo, wanatuma nusu ya pesa, wanapanda treni. Wanashuka Miritini na watoto na mabegi, wanafika kwenye jumba lililotajwa, na hapo ndipo wanapoambiwa kwamba picha zile zilichukuliwa kwenye tangazo la mtu mwingine kabisa. Hawa wote hawakuwa wajinga. Wengine waliona nyumba, wengine waliona picha, na wote waliongea na mtu. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonyesha nyumba ni ya nani, na hilo ndilo swali ambalo halikuulizwa.

Kwa nini haliulizwi? Mimi naamini ni haya. Sisi wa Pwani tumelelewa kumheshimu mtu mzima. Mzee amekupokea barazani, amekuagizia kahawa, amekuuliza ukoo wako, ameshamjua shangazi yako wa Mjini. Sasa umwambie, "Mzee, naomba kuona karatasi za nyumba"? Ulimi unakuwa mzito. Unaona umemwita mwizi mbele ya wajukuu zake. Unanyamaza, unatoa pesa, unamwachia Mungu.

Ndugu zangu, kitabu tunachokisoma kila siku hakikutufundisha hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi. Waumini ndio walioambiwa hayo, watu wanaoaminiana. Na dipoziti ni nini ila mali yako iliyo mkononi mwa mwenzako, ambayo siku moja atapaswa kukurudishia? Nanyi ndugu zangu Wakristo mnajua vilevile kwamba Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara aliyapima malipo ya shamba mbele ya watu waliokusanyika mlangoni pa mji, ingawa mwenye shamba alikuwa amejitolea kumpa bure. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kuomba karatasi ni adabu za watu wa dini na watu wa biashara, na mzee mwenye haki yake hatakasirika. Ukiona mtu amefoka kwa sababu ya swali la upole, shukuru kwamba amefoka kabla hujamlipa.

Namna ya kuuliza ina uzito wake pia. Msingizie mtu mwingine kama unaona haya: "Mzee, mwajiri wangu anataka nakala," au "Mume wangu yuko Dubai, ameniambia nisitie saini mpaka aone." Hapana, nimesema vibaya kusema msingizie, useme lililo kweli. Mpangaji yeyote ana mtu wa kumshauri. Mtafute mtu huyo, mfanye awe wa kweli, kisha mtaje.

Sasa tuje kwa dalali. Dalali wa mtaani si adui yetu. Anajua chumba gani Mtopanga kitakuwa wazi mwisho wa mwezi kabla mwenyewe hajatangaza, na miguu yake imekuokoa nauli nyingi. Lakini Kenya ina sheria ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, na ina bodi ya kuwasajili. Anayefanya kazi ya uwakala wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa na bodi hiyo na awe na cheti cha mwaka huu. Majina ya waliosajiliwa hutangazwa, na mtu yeyote anaweza kuyatafuta au kuiuliza bodi. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Ukiingia ofisi fulani unaona karatasi tatu zimewekwa kwenye fremu ukutani, na moyo unatulia. Zisome. Mara nyingi moja ni cheti cha kusajili jina la biashara, ya pili ni kibali cha biashara cha kaunti, ya tatu ni cheti cha kodi ya serikali. Zote halali, na hakuna hata moja inayompa mtu ruhusa ya kuwa ajenti wa nyumba. Jina la biashara unaweza kulisajili kupitia eCitizen ukiwa umeketi nyumbani kwako, iwe unauza mahamri au unauza simenti. Uliza cheti cha bodi ya maajenti, angalia jina lililoandikwa na mwaka wake, kisha angalia kama ndiye mtu unayezungumza naye.

Najua mtakachoniambia: madalali wetu wengi wa Kongowea na Bombolulu hawana cheti hicho na hawatakuwa nacho kesho. Ni kweli. Sitaki kuwadanganya kwamba mtapata ajenti aliyesajiliwa kwa kila chumba cha shilingi 4,000. Ninachosema ni kwamba mtu asiye na cheti asiguse dipoziti yako wala kodi yako. Akupeleke, akuonyeshe, akukutanishe na mwenye nyumba uso kwa uso, halafu mlipe jasho lake mlilokubaliana. Pesa ya nyumba ipite pembeni yake, ifike kwa mwenyewe. Na ile pesa ya kuonyeshwa nyumba, usiitume kabla ya kuonana. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu: wanaweka picha nzuri, wanapokea shilingi 500 hapa, 1,000 pale, na nyumba yenyewe haipo.

Ajenti akikwambia anasimamia nyumba kwa niaba ya mtu aliye Uingereza au Oman, na wapo wengi wa namna hiyo hapa Mombasa, mwambie akuonyeshe barua au mkataba wa usimamizi uliotiwa saini na mwenyewe. Omba kuongea na mwenyewe kwa video. Simu za siku hizi zimetuondolea udhuru huo.

Nataka kukaa zaidi kwenye swali la nyumba ni ya nani, kwa sababu Mombasa swali hili lina mambo ambayo mwongozo ulioandikwa Nairobi hautakuambia.

Mahali pengine wanasema: fanya upekuzi rasmi wa ardhi, jina likilingana na kitambulisho, lipa. Upekuzi ni mzuri na ninauunga mkono. Ukiwa na namba ya ploti, ofisi ya ardhi itakupa jina la mwenye hati na itakuonyesha kama kuna benki inayoidai au kuna zuio. Maombi siku hizi hupitia mtandaoni, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na dipoziti ya miezi miwili. Kwa fleti ya Nyali ya mkataba wa mwaka, mimi nisingelipa bila upekuzi huo. Nakala ya hati kwenye simu ya mtu haitoshi, kwa sababu picha ya karatasi inaweza kubadilishwa jina usiku mmoja.

Lakini nenda Majengo, nenda Mwembe Tayari, nenda sehemu nyingi za Kisauni na Likoni. Huko tuna nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba alijenga, au babu yake alijenga, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na kila mwezi au kila mwaka analipa kodi ya kiwanja. Utaratibu huu ni wa tangu ukoloni, na mzizi wake ni historia chungu ya ardhi ya Mwambao: sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwatambua waliopeleka madai na kupata karatasi, na watu wengi waliokuwa wakiishi na kulima hapa wakabaki bila hati. Kule Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930 lilikaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi kabla serikali haijaanza kuwapa hati mwaka 2016.

Kwa hiyo ukifanya upekuzi wa nyumba ya Majengo utapata jina usilolijua, na mzee anayekupangisha si mwongo. Usimkimbie. Muulize risiti za kodi ya kiwanja: analipwa nani, na mara ya mwisho alilipa lini. Muulize kama kuna kesi kati yake na mwenye ardhi. Hilo ndilo linalokuhusu, kwa sababu mwenye ardhi akipata amri ya mahakama ya kuondoa majengo, mpangaji anatoka pamoja na mwenye nyumba, na dipoziti yako haitakuwa ya kwanza kukumbukwa siku hiyo. Mzee wa mtaa na chifu wanazijua kesi hizi. Waulize.

La pili ni mirathi. Baba amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na watoto wanane. Mmoja aliyebaki nyumbani anapangisha vyumba na kuchukua kodi yote. Wewe unahamia kwa amani. Baada ya mwezi anakuja dada kutoka Lamu, anagonga mlango, anasema kodi ni yake na huyo ndugu hakumshauri mtu. Mwezi unaofuata anakuja wa tatu. Kabla ya kuingia nyumba ya aliyefariki, uliza kama mirathi imeshughulikiwa, kwa Kadhi au mahakama nyingine, na nani amepewa usimamizi. Jina hilo ndilo linalopaswa kuwa kwenye mkataba wako na kwenye risiti. Kama familia bado haijakaa, waombe angalau warithi wawili watatu watie saini kwamba wamekubaliana fulani apokee kodi. Hapa ndipo panapohitaji ulimi laini kuliko mahali popote, kwa sababu unagusa kidonda cha watu. Lakini kaa kimya, na kidonda hicho kitakuja kufungukia chumbani kwako.

La tatu ni wakfu. Mji wa Kale na kwingineko kuna nyumba zilizowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi fulani. Mtu hawezi kuiuza nyumba ya wakfu kama mali yake, na kodi yake ina wanaostahili kuipata. Tume ya Wakfu ina ofisi hapahapa Mombasa. Ukiambiwa nyumba ni ya wakfu, uliza mdhamini wake ni nani, na uombe kuonana naye.

Na la mwisho katika haya, nyumba za kaunti na za mashirika ya umma. Aliyepewa nyumba hiyo ni mpangaji kama wewe. Akikupangisha kwa siri na kuhamia kwingine, siku ofisi ikifanya ukaguzi wewe huna jina popote. Bei yake huwa nafuu na inavutia. Mimi nawashauri muiache.

Mtu wa chumba kimoja atasema, haya yote kwa chumba cha shilingi 4,000? Kwako wewe kazi ni fupi zaidi. Nenda mtaani jioni, bila dalali. Nunua viazi karai kwa mama aliye jirani na ploti, muulize mwenye ploti ni nani, anakaa wapi, na waliotoka walitokaje. Waulize wapangaji wawili waliomo humo kama mpangaji waliyemjua alirudishiwa dipoziti alipohama. Hakuna ofisi itakayokupa jibu la ukweli kuliko hilo. Mwenye nyumba aliyekula dipoziti za watu hujulikana na mtaa mzima; ni yule anayekuja kuhamia peke yake asiyejua.

Kuhusu kulipa. M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Soma jina lile. Lilingane na kitambulisho ulichokiona na jina lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa tuma kwa namba ya mke wangu, ya mpwa wangu, ya keateka anayeangalia ploti, simama hapo hapo. Kama ni kampuni, ilipwe kwa namba ya malipo yenye jina la kampuni. Keateka anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, na bado mwenye ploti akasema hakumtuma kupokea pesa. Mtu akikuhimiza kwamba kuna wengine watatu wanaingoja nyumba hii na una dakika 10, waachie hao watatu.

Risiti iandikwe jina la mwenye nyumba, lako, namba ya chumba, tarehe, kiasi, na itenganishe dipoziti na kodi. Hapo pa kutenganisha msikubali mkato. Nimesoma risiti nyingi za wapangaji zinazosema tu "malipo ya nyumba", na siku ya kuhama mwenye nyumba anasema yote ilikuwa kodi. Wako wenye nyumba wasiotaka kuandika risiti kwa kuogopa kodi ya serikali, ile ya asilimia 7.5 ya mapato ya nyumba iliyoanza Januari 2024, ambayo kabla yake ilikuwa asilimia 10. Hayo ni yao na mamlaka ya kodi. Wewe usikose ushahidi wa pesa yako kwa sababu ya hesabu zao.

Wakikuomba nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu: ni kwa ajili ya kupanga nyumba fulani, na tarehe. Nakala tupu inaweza kutumiwa kusajili laini za simu usizozijua. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, na nyumba ukiikosa una haki ya kutaka karatasi zako zisihifadhiwe.

Mkataba sitauchambua leo, ni hotuba nyingine. Usome wote kabla ya kutia saini, uangalie notisi ni ya muda gani na dipoziti inarudishwa baada ya siku ngapi, na uondoke na nakala yako.

Nyumba yenyewe iangalie mchana na uiangalie usiku. Fungua bomba, onja maji, kwa maana visima vyetu vingi vina chumvi na tangazo lililosema "maji yapo" halikusema ya namna gani. Uliza maji ya kampuni yanakuja siku zipi, na nani hulipia mikokoteni yasipokuja. Mita ya umeme uliza ni yako peke yako au mnagawana, na kama kuna deni la aliyetoka. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani kwa nje, hata kama imepakwa chokaa juu, usiulize bei. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, wakaguzi walikuwa wameshaliona kuwa hatari, na wapangaji walikuwa wakiendelea kulipa.

Kwa nini nasisitiza hivi mambo ya kabla? Kwa sababu ya baada ni marefu. Mahakama ya kodi za nyumba chini ya Sura ya 296 inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, na nitajieni hapa Kisauni ni vyumba vingapi vilivyobaki chini yake. Wengi wetu tuko nje. Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Hiyo ni njia nzuri kwa dipoziti iliyozuiliwa na mwenye nyumba unayemjua. Aliyekutapeli kwa nyumba isiyo yake amefanya kosa la jinai, kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Nenda kituo cha polisi siku ile ile, andikisha, chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, beba ujumbe wa M-Pesa na picha za tangazo. Muda huo huo jaribu kurudisha pesa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 ya M-Pesa, ingawa mwizi akiwa ameshaitoa hakuna cha kurudishwa. Mnaona? Njia zote hizo zinaanzia kwenye kujua jina la kweli la mtu uliyemlipa. Usipolijua, hata hakimu hana wa kumwita.

Nimalizie na nyinyi wenye nyumba na maajenti, na pia viongozi wa kaunti kama wapo.

Tangu Aprili 2007, England ina sheria kwamba dipoziti ya mpangaji wa kawaida lazima ilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, na mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo na kumpa mpangaji taarifa. Mwaka 2019 wakaongeza sheria nyingine: kwa nyumba nyingi dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, na maajenti wakakatazwa kumtoza mpangaji ada nyingi walizozoea. Na Desemba 2017, ofisi ya Meya wa London ilifungua orodha mtandaoni ambapo mtu yeyote, kabla ya kupanga, anaandika jina la mwenye nyumba au la ajenti na kuona kama hivi karibuni ameshtakiwa na kupatikana na hatia au kutozwa faini kwa makosa ya upangishaji. Orodha ile hutoka kwa mabaraza ya mitaa na vyombo vingine vya umma, kwa hiyo haijengwi kwa umbeya.

Sisemi tuige kila kitu. London ina shida zake za nyumba, tena kubwa. Lakini orodha ile ingewezekana hapa. Kaunti ya Mombasa ina ofisi katika kila wadi, ina wanasheria, inatoa vibali vya biashara. Mahakama zetu zinatoa hukumu, na hukumu ni za wazi. Bodi ya maajenti ina majina. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaweka mahali pamoja, kwa Kiswahili, ambapo binti aliyetoka Kwale kuanza kazi bandarini anaweza kuyasoma kwenye simu kabla hajatuma mshahara wake wa kwanza. Ombi hilo tunaliandika, na leo tunataka saini zenu.

Hadi litakapofika huko, wenye nyumba mnaweza kuanza wenyewe kesho asubuhi. Mpangaji akija, mtangulie. Mwonyeshe karatasi kabla hajaomba: risiti ya kiwanja, au matokeo ya upekuzi, au barua ya usimamizi wa mirathi. Mtaje mpangaji aliyehama vizuri, ili aulizwe. Chumba chako hakitakaa wazi. Nanyi madalali, mnaolalamika kwamba watu wanawadharau na kuwaita matapeli, walio safi kati yenu wafanye jambo moja: wakatae kupokea dipoziti. Semeni wazi kwa mteja, "Mimi nalipwa kwa kazi yangu, ya nyumba mpe mwenyewe." Mtaa utawatofautisha ndani ya mwezi.

Ninajua humu ndani kuna watu walioshalipa wiki hii, au wanaotakiwa kulipa kesho. Msione haya. Meza iko pale mlangoni upande wa kulia, na wanaojitolea wawili wa kike na mmoja wa kiume wako tayari kuwasaidia kusoma mikataba na kuwaonyesha kwenye simu namna ya kuomba upekuzi. Mwenye namba ya ploti aje nayo. Karatasi ya saini iko kwa mama aliyevaa buibui ya buluu, safu ya mbele. Sasa tuchukue maswali, na tuanze na akina mama, kwa sababu wanaotoka mbali wana matatu ya mwisho ya kuwahi.